Sungura wa Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefuga sungura ndani ya nyumba kwa miaka kadhaa, na maswali ya wanaoanza hayabadiliki sana. Mengi yanahusu mambo madogo: anapenda kubembelezwa? Aogeshwe na sabuni gani? Lile kubwa halimjii mtu mpaka mambo yaharibike, nalo ni hili: nitajuaje kuwa anaumwa?

Sungura ni mnyama anayewindwa. Porini, anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo huficha maumivu hata mbele ya mtu anayemlisha kila siku. Yanayomsema ni mambo mawili, yaani kinachoingia mdomoni na kinachotoka nyuma. Utaona majibu mengi hapa chini yanarudi huko huko. Ukiwa na haraka, ruka moja kwa moja hadi swali la sungura aliyeacha kula.

Sungura ni jamii ya panya?

Hapana, ingawa hata wanasayansi waliwaweka kundi moja hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti iko mdomoni. Ukiinua mdomo wa juu kwa upole, nyuma ya yale meno mawili makubwa ya mbele utaona mengine mawili madogo kama vigingi. Panya hana hayo. Kwa jumla sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote.

Wote wanaofugwa, kuanzia wale wadogo wa kilo moja hadi majitu yanayopita kilo sita, chimbuko lao ni sungura mmoja wa porini wa Hispania na Ureno, anayechimba mashimo na kuishi kwa makundi. Wako akifukua zulia usiku wa manane, hana ukorofi wowote. Anafanya kazi ya ukoo.

Anaishi miaka mingapi?

Akitunzwa vizuri ndani ya nyumba, miaka 8 hadi 12. Mtoto anayekulilia leo umnunulie sungura huenda akaota ndevu sungura akiwa bado yupo, na kazi ya kufagia nyasi itakuwa imekuangukia wewe siku nyingi.

Ale nini kila siku?

Nyasi kavu. Halafu nyasi kavu. Kisha ndiyo tuzungumze mengine.

Sitanii sana. Zaidi ya robo tatu ya anachokula inapaswa kuwa nyasi, mbichi au kavu, na zisikosekane mchana wala usiku. Kipimo rahisi ni rundo lenye ukubwa wa mwili wake mwenyewe kwa siku. Kuna sababu mbili. Kwanza, magego yake husagana kwa kwenda upande huu na huu, na ni nyasi ndefu zinazomlazimisha kutafuna hivyo kwa saa nyingi hadi meno yalike sawasawa na yanavyokua. Pili, zile nyuzinyuzi ngumu ndizo zinazosukuma utumbo wake. Utumbo wa sungura ni kama mkanda wa kiwandani: huendelea kutembea ilimradi kuna kinachoingia. Ukikosa kitu cha kusukuma, husimama, na kuuanzisha tena ni shida.

Nyasi nzuri huwa na rangi ya kijani iliyopauka na harufu tamu ya majani yaliyofyekwa juzi. Zikitoa vumbi ukizikung'uta, au zikiwa na madoa ya ukungu, zitupe. Usimpe mabaki ya mashine ya kukatia nyasi uwanjani, kwa sababu hupondeka na kuanza kuchacha haraka, na gesi yake itaishia tumboni mwake.

Juu ya nyasi ongeza konzi ya majani mabichi ya aina mbalimbali: giligilani, mnanaa, rehani, majani ya karoti, saladi ya majani ya kijani. Kabichi iwe kidogo, kwani kwa wengine huleta gesi. Spinachi pia iwe ya mara moja moja. Kila jani jipya liingize peke yake, kidogo, halafu kesho yake angalia choo kabla ya kuongeza.

Peleti za dukani, yaani chakula kilichosagwa na kukandamizwa kuwa punje, ni nyongeza tu. Gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku ndicho kikomo, na sungura wengi wazima huhitaji pungufu ya hapo. Nunua zile zinazofanana zote. Mchanganyiko wenye punje za rangirangi humfanya achague tamu na kuacha zenye faida, sawa na mtoto aliyewekewa sahani ya pipi na mboga.

Mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kula alfalfa (majani ya jamii ya kunde yanayokaushwa kama nyasi) kwa sababu bado anajenga mifupa. Mkubwa haimfai kila siku, kwani ina kalisi na protini nyingi kupita mahitaji yake. Na kila unapobadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa siku 7 hadi 10.

Karoti je? Si ndicho chakula cha sungura?

Katika katuni. Karoti ni mzizi wenye sukari, na sungura wa porini hafukui mizizi kuila. Kipande cha unene wa kidole gumba, mara mbili tatu kwa wiki, kinatosha. Hali kadhalika tufaa (toa mbegu), ndizi na matunda mengine. Mimi ndizi naitumia kama rushwa: kipande kidogo cha ukubwa wa ukucha, siku ya kukatwa kucha tu.

Vitu gani asile kabisa?

Parachichi, chokoleti, vitunguu vya aina zote, majani ya nyanya na ya viazi, maharage makavu. Vyakula vya wanga kama mkate, biskuti, mahindi na nafaka za kifungua kinywa havimuui papo hapo, lakini huvuruga bakteria wa tumboni na kumletea maradhi taratibu. Kwa mimea ya mapambo, chukulia kuwa kila mmoja ni sumu mpaka uhakikishe vinginevyo. Mayungiyungi na olianda hasa yasikaribie sakafu yake.

Namwona anainama na kula mavi yake. Ni njaa?

La, na usimkataze. Sungura hutoa choo cha aina mbili. Kile unachokiona kila mahali ni vidonge vya duara vilivyokauka, ukubwa wa njegere, visivyo na harufu ya maana. Kivunje kimoja kwa vidole: ndani utakuta vumbi la nyasi kama la mbao iliyopigwa msumeno. Hicho ni cha kutupa.

Aina ya pili ni laini, nyeusi, inang'aa kwa utelezi, imeshikana kama kishada kidogo cha zabibu, na inanuka. Hiyo hutengenezwa kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako bakteria huchachusha majani na kutoa vitamini za kundi B na protini. Sungura huinama na kuichukua moja kwa moja inapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri, kisha huimeza bila kuitafuna. Chakula chake kinapita mwilini mara mbili, ndipo anapokimaliza. Ng'ombe hucheua, huyu ana njia yake.

Jambo la kukutia wasiwasi ni kinyume chake, yaani kukuta vile vishada vimelala sakafuni au vimeganda kwenye manyoya ya nyuma. Aidha anakula peleti nyingi mno hana haja navyo, au amenenepa au anaumwa mgongo hata hafiki. Punguza peleti kwanza. Wiki ikipita bila mabadiliko, mpeleke kwa daktari.

Bakuli la maji au chupa ya kunyonya?

Bakuli zito lisilopinduka. Hunywa zaidi na kwa mkao wake wa asili. Sungura wa kilo mbili anaweza kunywa robo lita kwa siku bila tatizo lolote, hasa kama anakula nyasi kavu. Chupa huziba kile kijigololi cha mdomoni na wewe usijue.

Hajala tangu jana usiku. Nisubiri nione?

Usisubiri. Hili ndilo swali ambalo natamani kila mfugaji alijue jibu lake kabla ya kumleta sungura nyumbani.

Wa kwangu wa kwanza aliitwa Kijivu. Jioni moja aliacha peleti zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu kwa kawaida alikuwa akinikimbilia hata kabla sijafungua mfuko. Nikasema amechoka, joto lilikuwa kali siku hiyo. Asubuhi bakuli lilikuwa kama nilivyoliacha, na kwenye beseni la choo palikuwa na vidonge vinne, vidogo kama pilipili manga. Alikuwa amejikunyata kona, macho nusu, akisaga meno kwa sauti ya kukwaruza. Daktari alimpapasa tumbo, akanishika mkono akaniwekea pale pale niguse mwenyewe: lilikuwa limejaa gesi, limekaza kama mpira. Kijivu alipona baada ya siku nne za dawa na uji wa nyasi aliolishwa kwa bomba la sindano, lakini niliambiwa wazi kwamba ningengoja hadi jioni nisingemkuta.

Kinachotokea ni hiki. Utumbo unapopunguza mwendo, kilichomo hukauka na gesi hujikusanya. Gesi inauma, na maumivu yanamfanya asile. Kutokula kunazidi kuusimamisha utumbo. Hawezi kutapika, kwa hiyo hakuna mlango wa dharura. Wakati huo huo mwili unaanza kuchoma mafuta kwa kasi na ini linalemewa. Ndiyo maana saa 12 bila kula na bila kutoa choo ni dharura kwa sungura, hata kama kwa mbwa isingekuwa chochote.

Mara nyingi utumbo wenyewe si chanzo. Tafuta nyuma yake: jino lililochongoka linalokata ulimi, joto, woga, kuhamishwa, upungufu wa maji, kufa kwa mwenzake, chakula kilichobadilishwa ghafla. Watu wengi husema "amemeza manyoya". Manyoya tumboni huwa yapo daima, maana hujilamba kutwa. Yanaganda na kuwa tonge kwa sababu utumbo umeshasimama, sivyo kinyume chake.

Ukiwa njiani kwenda kwa daktari, mshike masikio. Yakiwa baridi, mpe joto kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38.5 hadi 40, na likiwa chini ya 38 yuko taabani. Mwekee majani yenye harufu karibu na pua na maji pembeni. Tumbo likiwa limevimba na kukaza, usimlishe kwa nguvu kabla ya kuonwa, kwa sababu huenda pameziba. Wala usimpe dawa ya maumivu ya binadamu.

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu usiovunjwa: kila asubuhi, kabla ya chai yangu, naangalia beseni. Vidonge ni vingi? Vimekuwa vidogo? Vimeungana kwa uzi wa manyoya kama shanga? Hiyo huchukua nusu dakika, nami hupata habari za usiku kucha.

Mkojo wake ni mwekundu! Ni damu?

Mara nyingi si damu. Rangi za mimea aliyokula hupita kwenye mkojo na kuutia njano, machungwa, hata wekundu wa kahawia, na siku ya pili hupotea. Mabaki meupe kama chokaa yanapokauka nayo ni ya kawaida, kwani figo zake ndizo zinazotoa kalisi iliyozidi. Wasiwasi uje ukiona madoa mekundu yaliyojitenga na mkojo wenyewe, akijikamua, au mkojo ukitoka mzito kama dawa ya meno.

Kizimba kiwe na ukubwa gani?

Vizimba vingi vinavyouzwa ni vidogo. Nasema hivyo nikijua vinavutia na vina picha ya sungura mwenye furaha ubavuni. Shirika la Uingereza la Rabbit Welfare Association & Fund linapendekeza eneo la mita 3 kwa 2, kimo mita 1, kwa sungura wawili, na waingie na kutoka humo wapendavyo. Kama huna nafasi hiyo muda wote, basi kizimba kiwe chumba cha kulala tu na sebule iwe uwanja wake kwa saa kadhaa kila siku, hasa alfajiri na magharibi, nyakati anazochangamka zaidi.

Jaribio langu: aruke mara tatu mfululizo bila kugonga ukuta, asimame wima kwa miguu ya nyuma bila masikio kukunjwa na dari, alale ubavu akiwa amejinyoosha. Akishindwa moja, ni padogo.

Sakafu ya waya mtupu isitumike. Nyayo za sungura hazina pedi kama za paka, zina manyoya tu, na waya huyasugua hadi ngozi ipasuke na kuwa kidonda sugu. Weka mkeka au zulia fupi. Muwekee pia pa kujificha penye milango miwili. Boksi la karatasi lililokatwa matundu mawili linamtosha. Akiwa na mlango mmoja tu, kwake huo ni mtego.

Anaweza kufundishwa choo?

Ndiyo, kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Atachagua kona mwenyewe. Weka beseni kwenye kona aliyoichagua yeye, si uliyoipenda wewe, tandaza peleti za karatasi au gazeti lililochanwa, na juu yake nyasi safi upande mmoja. Sungura hupenda kula huku akijisaidia. Jambo la aibu kwetu, lakini ndiyo siri yote ya mafunzo. Usitumie mchanga wa paka unaoganda, kwani akiumeza utaganda tumboni, wala randa za misonobari zenye harufu kali.

Vidonge vichache vilivyotawanyika mpakani ni alama ya "hapa ni kwangu" na hupungua sana baada ya kuhasiwa.

Ametafuna waya wa chaja. Nimpige?

Usimpige kamwe. Hataunganisha kipigo na waya, ataunganisha kipigo na mkono wako. Waya mwembamba kwake ni mzizi unaoziba njia ya shimoni, na mzizi hukatwa. Pitisha nyaya ndani ya bomba gumu la plastiki au ziinue juu ya nusu mita. Mpe vya kwake: matawi makavu ya mtufaa, maboksi, vikapu vya nyasi.

Afugwe peke yake au wawili?

Wawili. Mwanadamu hata awe mpole vipi hawezi kumlamba kope saa tisa usiku. Mchanganyiko unaokubaliana kwa urahisi ni dume na jike, wote wamehasiwa. Lakini usiwatupe pamoja siku ya kwanza ukategemea mapenzi. Nimeona manyoya yakiruka hewani kama mto umepasuka. Waweke vizimba jirani kwa wiki kadhaa, wabadilishane vitambaa wapate kuzoea harufu, kisha wakutane mahali pasipo pa yeyote kati yao, kwa dakika chache, ukiwa hapo hapo na glavu nene.

Nguruwe wa Guinea si mwenzi wake. Sungura anaweza kumwambukiza bakteria wa kifua bila yeye mwenyewe kuumwa, na teke lake moja linamvunja mbavu.

Kuhasi kuna faida gani hasa?

Kwa dume, hupunguza kurusha mkojo kutani na kupanda kila kitu, miguu yako ikiwemo. Kwa jike ni suala la uhai: saratani ya kizazi ni ya kawaida mno kwa majike wasiotolewa kizazi, hasa wakishapita miaka minne. Mtafute daktari aliyezoea sungura, na muulize swali la mtego: asile tangu usiku kabla ya upasuaji? Akijibu ndiyo, tafuta mwingine. Sungura hatapiki, hivyo hakuna sababu ya kumlaza njaa.

Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kutia mimba kwa wiki nne hadi sita. Weka alama kwenye kalenda.

Jike amezaa ghafla, na haonekani kunyonyesha. Amewasusa?

Pengine sivyo. Mimba huchukua siku 30 hadi 32, na kwa kuwa sungura wanaweza kupandana tangu miezi mitatu au minne, wengi hupata mshangao huu baada ya kuuziwa "majike wawili". Watoto huzaliwa vipofu na bila manyoya, na macho hufunguka karibu siku ya 10. Mama huingia kiotani mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huondoka, ili asiwaonyeshe adui mahali walipo. Waangalie tumbo asubuhi: likiwa limetuna na ngozi haina makunyanzi, wamekula. Hapo kazi yako ni kumtoa dume mara moja, maana jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyojifungua.

Nimbebe vipi?

Masikio si mpini. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, halafu mlaze kwenye kifua chako. Misuli yake ya nyuma ina nguvu nyingi na mifupa yake ni myepesi, hivyo teke moja hewani linaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Watoto wadogo wakae sakafuni, wamngoje aje.

Ile video ya sungura aliyelazwa chali, ametulia tuli kama mtoto aliyeshiba? Hajatulia. Huko ni kujifanya maiti mbele ya anayemwinda.

Ananiambia nini?

Akiruka juu na kujipinda hewani, ana furaha tele. Akijitupa ubavu ghafla kama aliyepigwa risasi, amestarehe. Ukishazoea utaacha kushtuka. Kusugua kidevu kwenye vitu ni kuweka harufu yake. Kupiga mguu chini ni kengele ya hatari, na sungura wangu Pamba huipiga pia peleti zikichelewa. Kusaga meno taratibu wakati unamkuna paji la uso ni raha, lakini kusaga kwa nguvu huku amejikunyata ni maumivu. Tofauti ya sauti hizo mbili jifunze mapema.

Nimwogeshe mara ngapi?

Sifuri. Hujisafisha mwenyewe, na maji humtia woga na baridi. Akichafuka nyuma, mfute pale tu kwa kitambaa cha uvuguvugu na umkaushe kabisa, kisha tafuta sababu ya kuchafuka. Nyuma palipolowa huvutia nzi, na mabuu yao yanaweza kuanza kumla akiwa hai ndani ya siku moja. Msimu wa joto mwangalie chini ya mkia kila siku. Akipukutika manyoya, mchane kila siku.

Kucha na meno?

Kucha kata kila baada ya wiki sita hivi. Mulika tochi kwa nyuma uone mstari wa damu, kata kabla yake. Meno ya mbele yaangalie kila wiki: yakutane sawasawa. Magego huwezi kuyaona, ila yatajitangaza kwa mate kidevuni, jicho linalotoa machozi upande mmoja, au sungura anayekiendea chakula kwa hamu kisha anakiacha.

Nunua na mizani ya jikoni. Kupungua uzito wiki mbili mfululizo ni habari hata kama anakula.

Joto linamdhuru?

Kuliko baridi. Hatoki jasho, na hupoza mwili hasa kwa mishipa ya masikio. Nyuzi 15 hadi 21 ndizo raha yake. Zikikaribia 30, mtafutie kivuli, sakafu ya vigae, na chupa ya maji iliyogandishwa ya kuegemea. Akihema mdomo wazi, lowesha masikio kwa maji ya baridi kiasi, yasiwe ya barafu, na uende kwa daktari.

Chanjo zipo? Na dawa za viroboto?

Magonjwa mawili yanayoogopwa zaidi ni miksomatosisi, inayoenezwa na mbu na viroboto, na homa ya kutokwa damu ya sungura, iliyotambuliwa kwanza China mwaka 1984 na inayoweza kuua bila dalili yoyote. Hata sungura asiyetoka nje hufikiwa, kwa kuwa virusi vyake husafiri kwenye viatu na nyasi. Chanjo zipo katika nchi nyingi, hivyo muulize daktari wa mifugo kinachopatikana ulipo.

Dawa ya viroboto yenye fipronil, ambayo mbwa na paka hupakwa kwa kawaida, inaweza kumuua. Amoksilini na penisilini za kumeza pia, kwa kuwa zinafyeka bakteria wa tumboni anaowategemea. Usishike kabati la dawa la nyumbani.

Nikisafiri siku mbili nimwachie nyasi na maji ya kutosha?

Chakula kitamtosha, lakini hatakuwa na wa kumtazama. Mtu apite asubuhi na jioni. Mimi humwachia jirani nambari ya daktari na karatasi yenye mistari mitatu: jaza nyasi, badilisha maji, nipigie picha ya beseni la choo. Mara ya kwanza alicheka. Siku hizi picha hufika saa kumi na mbili na nusu, kabla sijaamka.